Tundu la Saba

...sogeeni basi, sogeeni karibu mkae, nyote mliojazana humu kichwani mwangu, wewe Ragab mwanangu na matundu yako, wewe mama yangu mzazi na ulimi wako, na wewe Qinawi pia, muuaji, sogea tu, nafasi ipo, kaeni chini mninyamazie, maana maiki imekufa na ukumbi mzima umetulia, nyinyi peke yenu ndio mnaopiga kelele, nyamazeni nimsikie huyu aliye hai, Dahi, mwanangu niliyebaki naye, amekaa hapa kushoto kwangu na mkono wake kaushusha chini ya kiti, kiganja kiko wazi, vidole vimekunjuka kama vya mtu anayeomba sadaka mlangoni mwa msikiti, "Mama, lete," ananong'ona bila kufungua meno, "lete sasa, wakishatengeneza tu wanamwita yeye," na mkono wangu wa kulia uko ndani ya baibui, umeishika, ina joto kama yai lililotolewa chini ya kuku, bastola ya marehemu baba yake, nimeifungia tumboni tangu alfajiri kwa kitambaa kilekile nilichojikazia tumbo siku nilipomzaa huyuhuyu Dahi, na pale mlangoni askari walimpekua yeye mpaka soksi, wakamnyang'anya hata kikatio chake cha kucha, mimi wakanifungulia njia, "Pita Hajja, pita, utuombee dua," nani anampapasa kikongwe, nani anadhani kifo kinaweza kuja kwa mwendo wa mama mwenye magoti mabovu, nikawaombea dua kweli, nikapita nacho.

Jukwaani yuko Nawara wangu, amesimama na karatasi ya tuzo kifuani, hajui aendelee kusema au ashuke, mkuu wa chuo anagonga maiki kwa ukucha, "moja, mbili," hakitoki kitu, fundi anatambaa chini ya meza na nyaya mdomoni, watu wanacheka kidogo, na mama wa kulia kwangu, mnene, mwenye harufu ya mafuta ya waridi, ananigusa goti, "Hajja, yule ni mjukuu wako? Mashallah, mashallah! Miaka miwili Roma, chakula juu yao, malazi juu yao! Mimi wangu kapata cheti tu, cheti cha kushiriki, nikakifungie vitumbua," na anacheka, ananitia tofi mkononi, mkono wa kushoto, ule usio na kifo, "kula Hajja, mbona midomo imekukauka, furaha hiyo," namwambia Mungu akuzidishie mwanangu, na tofi inaanza kulainika, na Dahi, "Mama."

Tulipanga vizuri, mimi ndiye niliyepanga, ufadhili wa Roma ni wa wanafunzi wawili kila mwaka, mmoja wa nguo na nyuzi, mmoja wa kuchonga mawe, na Nawara alipokuja nyumbani na habari alirukaruka, "Bibi, nimeshinda! Na hujui nani mwingine, mtu wa kwetu kijijini, Hazim, Hazim Qinawi," akasema hivyohivyo jina la yule aliyemuua baba yake, kama mtu anayetaja muuza nyanya, kisha akaona uso wangu akaacha kurukaruka, nami nikatabasamu, nikampa mkate wa jua, ule tunaouumua juani, na asali, nikamwambia vizuri, vizuri mwanangu, na palepale nilikuwa nimeshauona ukumbi, nimeshaziona ngazi tatu za jukwaa, kijana anapanda, mikono yake haina kitu, mgongo wake mpana katika shati jeupe, mgongo wa Qinawi huo, maana Qinawi mwenyewe alitukimbia, alikula miaka kumi jela, akatoka, akafa kitandani kwa figo na mto chini ya kichwa, damu yetu ikabaki barabarani haina mwenyewe, nikasema damu haifi kwa figo, damu inamshukia mwana, nikampigia Dahi simu Kairo anakolinda mlango wa ghorofa la watu, nikamwambia njoo...

Akaja, Alhamisi ile, nikamvuta mpaka chumbani, nikafungua sanduku langu la arusi, ndani mna lile bunda nililolifunga kwa mtandio wangu mweusi miaka kumi na saba iliyopita, kanzu ya Ragab kama ilivyotoka mwilini mwake, haikufuliwa, nguo ya aliyeuawa haifuliwi mpaka damu ilipwe, ndivyo tulivyo, na matanga hatukukaa, kahawa ya msiba hatukuinywa, aliyekuja kutupa pole tulimrudisha mlangoni, kila mwaka siku ileile Dahi anaweka mkono juu ya bunda na kuapa, na Alhamisi akauweka tena, akasema, "Mama, wanangu watatu, wote wasichana, wana baba mmoja tu," nikamwambia na Nawara alikuwa na baba wangapi, akafumba macho akaapa, wallahi, kwa damu ya ndugu yangu hii iliyo chini ya mkono wangu, nami nikaliinamia bunda nikalia, nikalinusa, nikasikia harufu ya vumbi tamu, nikasema moyoni hii ndiyo harufu ya damu ikizeeka...

Gunia, Mola wangu, lilikuwa gunia.

Kwa sababu ile pale, walivuta pazia kabla maiki haijafa, ile pale inaning'inia jukwaani kwa uzi mwembamba, mikono imetandazwa, kanzu ya Ragab, naijua kama ninavyoujua mkunjo wa kiganja changu, kola niliyoigeuza mwenyewe ilipochakaa, na damu ile, imekuwa rangi ya kahawa, kifuani mpaka pindo, msichana wangu Nawara kaiiba sandukuni, lini, mwaka mzima labda, mtandio ule kaufunga tena kwa fundo langu lilelile na ndani katia gunia la unga wa mgao, kanijazia liwe nene, maskini, asinivunje moyo, na mimi nimelilia unga, nimelibusu gunia la unga, na Dahi, aliyekuwa akimtazama Hazim tu, naye anaitambua sasa, nasikia pumzi yake imekatika, "Mama... ile si... Mama, ile si kanzu ya Ragab? Basi mimi Alhamisi niliapia nini?" na kiganja hakiondoi, kimebaki palepale chini ya kiti, kinangoja, sijui kinangoja bastola au kinangoja jibu.

Saba, matundu saba, niliyahesabu kwa kidole, walipomlaza Ragab pale kwenye pampu ya maji, juu ya matope, miwa imesimama pande zote haina habari, nikapiga magoti nikatia kidole hiki katika tundu la kwanza, la pili, kidole kinaingia kwenye nguo na chini ya nguo hakigoti, kinaendelea kuingia, joto, mwanangu alikuwa na joto bado, la tatu, la nne, wanaume wananivuta mabega, la tano chini ya titi, la sita, na la saba hapa shingoni kwenye kola, lilikuwa linapumua, lilitoa povu, lilisema kitu, Ragab alisema kitu kwa lile tundu na mimi sikusikia kwa sababu nilikuwa napiga mayowe, na sasa naona kila tundu, lile la kwanza kaliziba kwa uzi mwekundu, la pili kijani, la tatu manjano ya bendera ya mahujaji, amesuka nyavu ndogondogo, nyuzi za kwenda na nyuzi za kupita, na mshono ni wangu, ule wa kuzibia magunia ya ngano panya wakishakula, nilimfundisha akiwa na miaka sita ameketi katikati ya miguu yangu, "Bibi, nikikosea?" ukikosea unafumua mwanangu, uzi haukasiriki, na la saba, lile la shingoni, kaliacha wazi, sindano inaning'inia hapo na uzi wake mweupe, taa ya nyuma inapenya kama jicho, na kabla maiki haijafa alisema mbele ya watu wote hawa, kwa sauti yake ile ndogo, "Matundu sita nimeyaziba mimi. La saba nimemwachia bibi yangu, yule pale, mstari wa pili," na watu wakageuka kunitazama, wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, wakanitabasamia mimi nikiwa na mkono ndani ya baibui, kidole juu ya chuma.

Nyamaza Ragab, nimesema nyamazeni, mbona wewe hukai, unakuja na mdomo uliopasuka, siku ile, mchana, kabla ya yote, unaingia uani unatema damu kando ya tanuri, nakuuliza nani, unasema Qinawi, tumegombania zamu ya maji, kanipiga na mpini wa koleo, unacheka, unacheka na jino linacheza, "Yamekwisha Mama, ni maji tu, kesho yatapita tena mferejini, nipe chai," ni maji tu, ulisema hivyo, hakuna anayejua ulisema hivyo isipokuwa mimi, kwa sababu mimi sikukupa chai, mimi nilikuwa na mama yangu kichwani, ule ulimi, mama aliyemwekea baba makapi ya mbuzi kwenye sahani mpaka akaenda kuua, nami nikavua mtandio kichwani pangu, mbele ya mke wako, mbele ya Nawara wa miaka minne mwenye mkate mkononi, nikautupa usoni kwako, "Chukua, vaa huu, ukakande unga, nipe mimi bunduki ya baba yako niende nikawe mwanamume wa nyumba hii," na ulinitazama, Ragab, ulinitazama kwa muda mrefu na lile jino likicheza, ukauokota mtandio, ukaukung'uta vumbi, ukauweka begani kwangu taratibu, ukaingia ndani, ukatoka na bunduki, na nilipiga kigelegele, Mungu wangu, nilikupigia kigelegele ukitoka mlangoni kama bwana arusi, na haikupita hata saa, nikasikia risasi zako mbili, kisha nikasikia zake, moja, mbili...

"Moja, mbili," anasema mkuu wa chuo, midomo tu inachezacheza, fundi anatoka chini ya meza, anatikisa kichwa, anarudi, na yule kijana namwona, yuko mstari wa mbele pembeni, anakaa ukingoni mwa kiti tayari kusimama, sikio lake limesimama kama la baba yake, mikono kaipaka vumbi la mawe hata leo, hajui hata kunawa, na asubuhi tulipopitishwa kutazama kazi zao nilimwona ndama wa nyati wa kufugwa, kama wetu wa maziwa, wa jiwe jeusi, ndama mdogo anayenyonya, na ziwa hakuna, mama hakuna, yeye peke yake kainua shingo, goti moja limekunjika, anapiga kiwele kisichokuwepo kwa kichwa ili maziwa yashuke, hakuna mtu wa mjini anayejua kwamba ndama hupiga hivyo, nikamshika masikio nikacheka kwa sauti, nikauliza nani kamfanya huyu, ni kama wangu, wakasema Hazim, Hazim Qinawi, nikauvuta mkono kama niliyeshika tanuri, lakini mkono ulikuwa umeshacheka, ulicheka kabla yangu.

"Mama, mkono umekufa ganzi," Dahi anasema, "lete au niambie," na jasho lake nalisikia harufu, jasho lake lilikuwa hivi hata akiwa mtoto anaogopa bata, na hajawahi kulenga hata chupa, mkono huu utainuka unatetemeka, nauona, sasa nauona sawasawa siyo kama nilivyouona nilipopanga, kijana ataitwa atapanda ngazi ya kwanza, ya pili, na Nawara yuko pale juu hatua mbili kutoka kwake, atamnyooshea mkono wa hongera, ndivyo alivyo huyu, Dahi atafyatua na risasi ya kwanza itapiga ukuta, ya pili itapita kwenye kanzu, tundu la nane, ya tatu Mungu anajua, shati jeupe litafunguka kifuani kama komamanga, watu watakanyagana, huyu mama wa tofi ataanguka juu ya miguu yangu, na askari walioniomba dua watampiga Dahi chini, kisogoni, teke juu ya teke, meno yatatawanyika sakafuni humu kwenye marumaru, na Nawara atageuka kutoka kule juu, damu usoni, yake au ya yule, hatamtazama Dahi, hatamtazama aliyefyatua, atanitazama mimi, atautazama mkono wangu unaotoka kwenye baibui, kwa sababu alikuwa pale na mkate mkononi, alikuwa na miaka minne, aliona mtandio, alijua siku zote, Mola wangu, msichana alijua siku zote ni nani, akakaa katikati ya miguu yangu akajifunza kuziba magunia.

Na sanda, alijua pia habari ya sanda, alikuwa nami juu ya dari Qinawi alipotoka jela na kuja, wazee wa suluhu mbele na nyuma, yeye katikati, miguu mitupu, kichwa wazi, sanda yake mwenyewe kaibeba juu ya mikono miwili, iliyokunjwa, nyeupe, anatuletea kifo chake tukichukue au tukisamehe, mtu mzima analia kamasi zinamshuka, "Hajja Ratiba, nimekuja kwenu nimekufa," na mimi juu, nikamnyang'anya Nawara ndoo ya majivu ya tanuri nikammwagia, "Kafie kwenu, mbwa! Huna sanda kwangu!" akasimama pale mweupe kama mzimu, macho mawili tu, mikono haikushuka, sanda ikateleza ikaanguka kizingitini, wakamwongoza wakarudi naye, na jioni nikashuka nikaiokota, nikasema ni pamba nzuri, mbwa wasije wakaiburura, nikaifua, naam, hiyo niliifua, nikaianika, nikaikunja, nikaiweka chini kabisa ya sanduku, sikujiuliza kwa nini, na mikono yake ile ilivyobaki imenyooka haina kitu juu yake, leo nimeiona tena, ile kanzu pale jukwaani imenyoosha mikono vilevile...

Basi, nimesikia Ragab, sogeza mdomo, nimesikia lile ulilosema kwa tundu la saba, si kisasi ulichosema, mimi ndiye niliyelitafsiri hivyo kwa mayowe yangu miaka kumi na saba, ulisema ni maji tu, au ulisema Mama, au ulikuwa unavuta pumzi tu kama kila kiumbe, yatosha, mtu akivuta pumzi asipewe bunduki, akitaka chai apewe chai, na wewe mama yangu mwenye ulimi ondoka kitini, ondoka, umekaa humu kutosha, nenda kamwombe baba msamaha kwa yale makapi, na wewe Qinawi... wewe kaa, sijui niseme nini nawe, kaa tu hapo mlangoni.

"Mama, fundi anamaliza," Dahi anasema, na kweli spika zinakwaruza, zinapiga mluzi, zinakufa tena, mama wa tofi anaziba masikio, "Afadhali watumie mdomo tu, mdomo hauhitaji umeme!" na watu wanacheka na mimi nagawa, nagawa mali yangu nikiwa hai, nikiwa nimekaa, msije mkagombana nyuma yangu, nyumba ile na dari lake na tanuri ni ya wasichana watatu wa Dahi, mwenye kuchumbia aje achumbie hapo, nyati na maziwa yake ni ya mama yao, aliyenipigia simu akanililia na mimi nikamkatia, Nawara ana Roma yake, hiyo si yangu kumpa, nampa ile sindano akishanirudishia, maana kabla ya ndege nitapanda pale nikaketi chini ya taa yao nilizibe lile tundu la saba kwa mkono wangu, vidole vikitetemeka vitetemeke, na Ragab amepata matanga yake, kuanzia kesho, kahawa bila sukari, mlango wazi, aje anayekuja, hata mjane wa Qinawi akija atapewa kikombe, na mwanawe yule mwenye vumbi la mawe nimempa ngazi tatu, azipande zote tatu na mgongo wake ule, ateremke nao, aende akawachongee Warumi ndama, sanda nimejirithisha mwenyewe, ile niliyoikataa, mtanizika nayo mimi na si nyingine, na hii yenye joto tumboni hairithiwi na mtu, hii itakwenda mferejini mbele ya ile pampu, ikae na matope, na Dahi, mwanangu, uliyeuliza uliapia nini, wewe ndiye mrithi wa sanduku na kilichomo, uliapia gunia la unga baba, nenda kaoke mkate, mtu hafungwi kwa gunia, nitakuambia, hivi sasa nitakuambia, ulimi tu umekuwa mzito, mkono wa kulia bado uko kwenye chuma, wa kushoto una tofi inayoyeyuka, na kiganja chake kiko palepale chini ya kiti, wazi, kinangoja, na mkuu wa chuo ameinua karatasi mbele ya taa, amefungua mdomo, anagonga tena kwa ukucha, moja, mbili.